Mama Mkwe na Bawa la Karatasi

Mama mkwe alifika Jumatano asubuhi akiwa na mabegi mawili, mto wake wa kulalia, na pasi yake mwenyewe aliyoiviringisha kwenye taulo kama mtoto mchanga. Paa la nyumba yake lilikuwa linaezekwa upya, na fundi alikuwa amesema wiki tatu, jambo ambalo kwa lugha ya mafundi linaweza kuwa siku yoyote kati ya hapo na uzeeni.

"Pasi ya nini tena, mama?" binti yake akamuuliza palepale mlangoni. "Humu ndani pasi ipo."

"Naijua hiyo yenu," mama akajibu. "Ile si pasi, ni bati la moto."

Mkwe wake, aliyekuwa nyuma akihangaika na mabegi, alicheka kwa adabu, kicheko kifupi cha mtu asiyetaka kuonekana yuko upande wowote. Alikuwa ameshamwamkia mara mbili, mara moja kwenye gari na mara ya pili mlangoni, kwa kuwa mbele ya mama huyu ulimi wake ulikuwa na tabia ya kuishiwa maneno na kurudia "Shikamoo, mama" kana kwamba ndiyo sentensi pekee aliyowahi kufundishwa. Mama aliitikia zote mbili, "Marahaba, baba," bila kumcheka.

Bwana huyu alikuwa fundi wa meno ya bandia. Kutwa alikaa katika chumba kidogo nyuma ya kliniki, chini ya taa ya shingo ndefu, akichonga magego na kusawazisha ufizi wa nta. Hata meno ya mama mkwe wake, ya juu na ya chini, yalikuwa kazi ya mikono yake, na kila mama alipocheka, mkewe alimkonyeza na kumnong'oneza, "Umeona? Unachekewa na kazi yako mwenyewe." Alikuwa mtu wa subira, wa vidole vyepesi na macho makali.

Lakini ukimuuliza anapenda nini, meno hayatajwi. Angekuambia ndege. Alitengeneza ndege ndogo za mbao ya balsa, ile mbao nyepesi ambayo ukiwekewa kipande kiganjani unaweza kusahau kwamba umeshika kitu. Alikata mbavu za mabawa kwa wembe, nyembamba kama viberiti, akaziunga kwa gundi tone kwa tone mpaka kiunzi kikasimama, unaona kupitia ndani yake mpaka upande wa pili kama mifupa ya samaki aliyeliwa na mtu mwenye adabu. Juu ya kiunzi hicho ilivishwa karatasi ya shashi, laini kuliko ngozi ya kitunguu. Tumboni mkanda wa mpira, puani propela. Unausokota mpira, unaiachia ndege hewani, na mpira unapojisokotoa propela inazunguka na ndege inapaa. Basi. Hakuna injini, hakuna betri.

Kwenye viunzi hakuwa na mpinzani. Wenzake kumi na mmoja wa chama cha warusha ndege, waliokutana Jumapili ya mwisho ya kila mwezi kwenye uwanja wa chuo, walikuwa wakivipitisha mkono kwa mkono na kutikisa vichwa. Kasoro ilianzia kwenye kuvisha. Karatasi yake ilikuwa na mikunjo. Akiivuta huku inatuna kule, akiibana kule inajikunja huku, na mwishowe bawa lilionekana kama shati lililolaliwa. Siku moja alijaribu kulinyunyizia maji, kama alivyosikia wengine wakifanya, na karatasi ikapasuka kwa mlio kama wa puto. Tangu siku hiyo aliyaogopa maji. Matokeo yake, ndege zake ziliruka hatua ishirini, zikageuka kushoto, zikachimba uwanja kwa pua. Mwenyekiti wa chama, mfamasia mmoja mwenye ndevu na mdomo, ndiye aliyembandika jina la Mkulima, na likaganda.

Sasa chumba chake cha kazi ndicho kilichotakiwa na mgeni.

"Mama atalala humu," mkewe alikuwa amemwambia siku mbili kabla. Mkewe alikuwa mwalimu wa udereva, na hata nyumbani alitoa maagizo kwa sauti ileile tulivu ya mtu mwenye breki yake mwenyewe miguuni. "Ndege zako zitafutie uwanja mwingine."

Akahamisha kila kitu kwenye kona ya sebule: mbao, gundi, pini, vitabu. Kitu kimoja tu alikiacha, bawa jipya, refu kama mkono wake wote, alilokuwa amelivisha wiki iliyopita kwa karatasi ya manjano na likamshinda kama mengine yote. Aliliweka juu ya kabati, kule nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna mkono ambao ungelifikia. Ndivyo alivyodhani.

Ijumaa jioni aliporudi kazini alimkuta mama mkwe sebuleni, amekaa wima, mikono magotini, uso umechanua.

"Mkwe, karibu. Nimekufanyia kakazi kadogo."

Juu ya meza palikuwa na bawa.

Alilitazama. Moyo ukamruka, kisha ukakaa, kisha ukaruka tena upande mwingine. Karatasi ilikuwa imenyooka. Hapakuwa na mkunjo hata mmoja, toka ncha hii mpaka ncha ile. Ilikuwa imekaza kama ngozi ya ngoma, na mwanga wa dirisha uliteleza juu yake bila kukwama popote. Lakini bawa lenyewe lilikuwa limejisokota. Ncha moja ilitazama dari na nyingine ilitazama sakafu, mithili ya feni.

"Nilikuwa nafuta vumbi juu ya kabati," mama akaeleza. "Nikakiona hiki kitu chako kimejikunja, maskini, nikasema mkwe wangu anafanya kazi mchana kutwa, atapata wapi nafasi? Nikakirushia maji kidogo, nikakianika dirishani kwenye jua. Kimekaa vizuri au hakikukaa?"

Mama huyu alikuwa dobi kwa miaka thelathini na mbili. Alikuwa na duka lake la kona, foleni ya wateja ikifika mpaka barabarani, mpaka magoti yalipoanza kumsumbua na watu wakaanza kununua mashine za kufulia. Kwake yeye kitu kilichojikunja kilikuwa kama mtoto anayelia: huwezi ukapita tu.

Mkwe akajikaza kisabuni. "Asante sana, mama," akasema. "Karatasi imenyooka. Imenyooka kabisa."

Kisha akaomba ruhusa, akatembea taratibu mpaka bafuni, akamkuta mkewe ananawa uso, akafunga mlango.

"Amenipindia bawa!" akanong'ona, ila ni ule mnong'ono wenye nguvu kuliko sauti. "Miezi miwili ya kazi! Limekuwa feni! Hata nikilibandika darini litapuliza!"

Mkewe alimtazama usoni, akajaribu kujizuia, ikashindikana. Alicheka mpaka akakaa ukingoni mwa ndoo. "Feni," alisema akifuta machozi kwa taulo. "Mume wangu, feni!"

"Unacheka?"

"Sasa nifanyeje, nilie? Si umwambie?"

"Nimwambie mama mkwe kwamba ameniharibia kitu? Mimi? Kwa mdomo upi?"

Walichosahau ni kwamba dirisha la bafuni na dirisha la chumba cha mgeni yalipakana, na kwamba mama, aliyekuwa amerudi chumbani kuchukua miwani yake, alikuwa na magoti mabovu lakini masikio yake hayakuwa na tatizo lolote.

Kwenye chakula cha jioni alikula vijiko vitatu. Alipoulizwa akasema ameshiba. Alipoulizwa tena akasema kichwa. Mapema akaaga akaenda kulala, na mkwe akabaki anachezea uma, hajui kimetokea nini ila anajua kimetokea.

Jumamosi asubuhi mkewe aliondoka na gari la shule ya udereva kwenda kumfundisha mwanafunzi. Bwana alipotoka chumbani akiwa na kikombe cha chai, alikuta mabegi mawili yamesimama mlangoni, mto juu yake, na pasi ndani ya taulo. Mama mkwe alikuwa amevaa viatu.

"Mama, safari ya wapi?"

"Naenda kwa dada yangu. Kule kuna nafasi."

"Mama, dada yako ana chumba kimoja na wajukuu wanne."

"Tutabanana."

Akasimama na kikombe chake. Angeweza kukimbilia simu ampigie mkewe, na kweli mkono ulishaanza kwenda mfukoni. Lakini alimwona mama ameinamia begi akijifanya anafunga zipu ambayo ilikuwa imefungwa tayari, kwa mikono ile yenye alama za zamani za kuungua na mvuke. Akaiweka chai chini.

"Ulinisikia jana," akasema.

Mama akavuta zipu tena. "Mimi sikujua, mwanangu. Nilidhani ndivyo lilivyo, la kujipinda. Nimeona pangaboi la darini limepinda, nikasema na hiki ni jamii yake." Akashusha pumzi. "Mtu mzima kama mimi, nakuja kwa watu siku ya tatu nimeshavunja. Ni aibu."

"Aibu ni yangu mimi niliyekusema bafuni kama mtoto. Nisamehe, mama."

"Nishakusamehe. Nipishe nipite."

Hakumpisha. Baadaye hakuweza kueleza maneno yale aliyapata wapi, yeye ambaye kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuzungumza na mama huyu zaidi ya dakika tano bila mkewe kuwepo. "Mama, kabla hujaenda naomba uniambie kitu kimoja tu. Ile mikunjo uliitoaje?"

Mama akainua uso. "Mikunjo?"

"Mimi nimehangaika nayo mwaka karibu wote. Nimevuta, nimebana, nimeitukana. Wewe umeitoa kwa asubuhi moja."

"Wewe unaivuta?" Alikuwa ameshaacha zipu. "Kwa nini unaivuta?"

"Ili inyooke."

"Yaani unaivuta ikiwa kavu, mpaka imekaza, halafu unairushia maji?"

"Nilirusha mara moja. Ikapasuka."

"Itaachaje kupasuka!" mama akasema kwa mshtuko, kama mtu aliyeambiwa kuna nyumba wanafulia hariri kwa brashi ya viatu. "Maji ndiyo yanayoivuta. Wewe umeshaivuta, maji nayo yanakuja kuivuta, sasa masikini iende wapi? Unatakiwa uilaze tu, ilegee kidogo, isiwe na mikunjo mikubwa basi. Kazi iliyobaki yaachie maji." Akatikisa kichwa. "Ila kukauka ndiko nilikokosea mimi. Kitu hakianikwi hivihivi kwenye jua kali bila kushikwa. Na hilo nalijua! Sweta nilikuwa naliwekea pini pande zote mpaka likauke. Sijui jana akili ilikuwa wapi."

"Tunaweza kulipigilia pini juu ya ubao," mkwe akasema taratibu.

"Kivulini."

"Kivulini, siku nzima."

Walitazamana. Mama akavua viatu.

Kazi ilianza asubuhi ileile. Kwanza ilibidi karatasi yote ya zamani ivuliwe, na kiunzi kilowanishwe kidogo na kunyooshwa juu ya ubao chini ya rundo la vitabu. Mkewe aliporudi saa saba mchana aliwakuta wameinama pamoja mezani, hawakusikia hata mlango. Akatazama mabegi mlangoni, akawatazama wao, akayabeba mabegi kuyarudisha chumbani na hakuuliza kitu. Ni mwalimu mzuri; anajua wakati wa kutokushika usukani wa mtu.

Siku zilizofuata, kila bwana alipotoka kazini, alikuta mama ameshaandaa meza. Mama alikataa gundi yake ya chupa. "Hii inakauka kabla hujasema bismillahi," alisema, akaingia jikoni, akapika wanga mwepesi, uleule wa kola za mashati, akauchuja kwa kitambaa mpaka ukawa laini kama losheni. Ukipaka wanga kwenye ukingo wa kiunzi na kulaza shashi juu yake, una nafasi ya kuisogeza, kuinua, kuilaza tena. Mkwe akapaka kwa brashi yake ndogo ya kupakia rangi meno. Mama akalaza karatasi.

Akamfundisha pia kuijua karatasi. Alichukua kipande akakichana: kikachanika mstari ulionyooka. Akakigeuza akachana upande wa pili: kikachanika ovyo. "Umeona? Ina nyuzi zake kama kitambaa. Nyuzi ziende urefu wa bawa. Wewe ulikuwa unailaza vyovyote tu."

"Kweli mama, vyovyote tu."

"Usikubali haraka hivyo, jitetee kidogo. Mtu akinikubalia kila kitu nahisi ananidanganya."

Mkwe naye alikuwa na la kumfundisha. Alimwonyesha jinsi ya kuvisha ncha ya bawa, pale lilipojipinda kama ukucha, kwa vipande vidogo vidogo badala ya kimoja. Na jinsi ya kukata ukingo kwa wembe mpya, mkono mmoja ukienda na mwingine ukitulia. Mama aliharibu vipande vitatu, akatoa sauti ya kukerwa, na cha nne kikakaa sawasawa. Alifanya kazi akiwa na pini sita mdomoni, akizungumza bila kuzidondosha, kwa hiyo kila alichosema kilitoka kama siri.

Ijumaa wakafika kwenye maji. Bwana alileta chupa ya kupulizia, ya plastiki, mpya. Mama akaijaribu hewani, akatazama matone yanavyoanguka, akaiweka kando.

"Matone makubwa mno. Niletee maji kwenye kikombe." Kisha akasema, "Geuka huko."

"Nigeuke?"

"Nataka kutoa meno. Kupuliza maji kwa mdomo na meno haya siwezi, yananiharibia ukungu. Geuka, mkwe."

"Mama, meno hayo nimeyatengeneza mimi."

"Hata kama. Geuka."

Akageuka, akatazama ukuta. Nyuma yake akasikia mlio mdogo wa meno kwenye sahani, kisha sauti ya hewa, fuuu, ndefu, ya mtu aliyefanya hivyo juu ya mashati maelfu kwa maelfu. Ukungu ukamgusa shingoni, mwembamba hata hakuwa na hakika kama ameguswa. Mara tatu. Kisha meno yakarudi mahali pake.

"Haya. Tazama."

Karatasi ilikuwa imelowa na kulegea kama iliyokata tamaa. Wakalipigilia bawa kwenye ubao kwa pini, na vipande vya mbao chini yake ili hewa ipite, wakaketi mmoja huku mwingine kule. Na polepole, bila mtu kuigusa, mikunjo ikaanza kuondoka. Mmoja ulijifuta kama mtu anayekunjua uso baada ya kusikia habari njema, kisha wa pili, kisha yote. Mkwe alikuwa mdomo wazi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne na alitaka kupiga makofi.

"Mimi nilikuwa napenda sana hapa," mama akasema. "Hapa kinapoanza kujinyoosha chenyewe. Tangu nifunge duka sijapaona tena."

Mpaka Jumamosi mchana lilikuwa limekauka, limenyooka kama rula. Wakalipaka vanishi nyembamba mara mbili, na ndege ikaungwa: mabawa ya manjano, mkia wa buluu, na kwenye ubavu namba ya simu, kwa kuwa sheria ya chama ilidai kila ndege iwe na namba.

Jumapili walikwenda wote watatu. Uwanja wa chuo ulikuwa mkavu, jua la saa nne limeshaanza kuchoma, na wanachama walikuwa wamekaa kwenye ngazi za zege wakisokota mipira yao. Mfamasia aliwaona kwa mbali.

"Mkulima huyoo!" akapaaza sauti. "Leo unalima upande gani, tukupishe?"

Mama mkwe alimtazama kuanzia juu mpaka chini, akatulia kwenye kola.

"Baba, hilo shati nani amekupigia pasi?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Nilijua hakuna mtu mwingine wa kulaumiwa."

Ngazi nzima ikavunjika mbavu, na mfamasia, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, alicheka kuliko wote huku akiishika kola yake kwa mikono miwili.

Kila mtu alikuwa na miruko mitatu, na mruko mrefu kuliko yote ndio ungehesabiwa. Mfamasia alishapata sekunde hamsini na nane. Mruko wa kwanza wa ndege ya manjano ulikuwa sekunde kumi na tatu: ilipaa, ikainua pua mno, ikasimama hewani kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni, ikaanguka kwa mkia. Lakini haikugeuka kushoto. Bwana aliliona hilo. Akatoa mfukoni kipande cha nta ya waridi, ile ya kutengenezea ufizi, akabandika puani kiasi cha punje ya mahindi.

Mruko wa pili, sekunde arobaini na saba. Ilizunguka uwanja kwa duara pana, tulivu, ikatua yenyewe kwenye nyasi. Hakuna aliyesema neno kulima.

"Sokota zaidi," mama akasema.

"Mpira utakatika, mama."

"Ukikatika tutaweka mwingine. Sokota."

Akasokota mpaka mafundo yakapandana juu ya mafundo. Akasubiri upepo upungue. Akaiachia.

Ndege ilipanda kwa haraka, propela ikivuma kama nyuki ndani ya gunia. Ikafika juu ya lami ya maegesho, ambako joto lilikuwa linatetemesha hewa, na hapo propela ikasimama, mpira umekwisha. Ilitakiwa ianze kushuka. Badala yake ikapanda. Ikazunguka, ikapanda. Jua lilipita ndani ya karatasi na mbavu zikaonekana zote, moja moja, kama kiganja kilichowekwa mbele ya taa.

"Dakika moja," aliyeshika saa akatangaza. Mfamasia akasimama. "Dakika na nusu."

"Kwa nini haishuki?" mke akauliza.

"Imeshika hewa ya moto," mumewe akasema. "Inabebwa."

"Dakika mbili!"

Akamtazama mama mkwe. Mama alikuwa ameinua uso, mkono juu ya macho, mdomo umeachama kidogo. Hakuwa akicheka wala akilia. "Miaka yote ile," alisema, kama anazungumza na nafsi yake, "kazi yangu ilikuwa inaishia mlangoni. Mtu anabeba nguo zake, anakwenda. Hii inakwendaje juu hivyo?"

Ikawa kama kipepeo, ikawa kama chembe ya unga, ikapita juu ya mapaa ya chuo, ikatoweka. Dakika tatu na sekunde kumi na moja. Mfamasia alikuja mbio akamkumbatia bwana mpaka miguu ikaacha ardhi. "Umenipiga!" alipiga kelele. "Umenipiga vibaya sana! Na ndege huna tena!"

Yote mawili yalikuwa kweli. Bwana alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mshindi mikono mitupu, hajui acheke au atafute mahali pa kukaa.

"Mtasimama hapo mpaka lini?" mkewe akaita. "Ingieni kwenye gari!"

Walizunguka mitaa ya nyuma ya chuo saa nzima kwa gari lile lenye maandishi makubwa ya mwanafunzi juu ya paa, mama amechomoza kichwa dirishani, akimuuliza kila mpita njia kama ameona ndege ya manjano. Mmoja akauliza wa kufugwa au wa porini. Walirudi bila kitu. Jioni ile bwana alikula vizuri, akacheka, akasimulia mruko ule mara tano, lakini kila aliposimulia alimalizia kwa kutazama dirishani.

Jumanne saa sita mchana simu yake ililia akiwa kazini.

"Wewe ndiye mwenye ndege?" sauti nzito ikauliza. "Tunaongea kutoka zimamoto."

Akaruka kitini. "Imewasha moto?"

"Hapana, bwana. Imetua juu ya mnara wetu tunakoanikia mipira ya maji. Tumeishusha kwa ngazi kubwa, ile ya ghorofa sita. Vijana walikuwa wanatafuta sababu ya kuijaribu. Njoo uichukue, lakini njoo na mtu wa kutueleza imetengenezwaje, maana hapa kuna ubishi."

Akaomba ruhusa ya saa moja. Mkewe alipita kumchukua, na mama mkwe alikuwa tayari kwenye kiti cha mbele, amevaa kitenge chake kizuri. Kituoni waliikuta ndege katikati ya meza ya kulia chakula, juu ya taulo safi, na wanaume tisa wa zimamoto wameizunguka mikono nyuma kama wako hospitali wanamtazama mtoto. Ilikuwa nzima, isipokuwa tundu moja bawani, la ukubwa wa kidole gumba.

"Hii ni plastiki gani?" mkubwa wao akauliza.

"Plastiki!" mama mkwe akasema, akavuta kiti.

Ile saa moja ikawa saa moja na nusu. Walipoondoka, wazimamoto wawili walikuwa wameandika majina yao wajiunge na chama, na mmoja alikuwa ameshauriwa kuhusu kola yake.

Garini ndege ilisafiri kiti cha nyuma, mapajani kwa bwana. Mama aligeuka kila baada ya mita mia.

"Hilo tundu nitaliziba mimi," akasema. "Kiraka cha mviringo. Cha pembe kitavuta."

"Mama, tundu liko kwenye ncha. Ncha ni zangu, tulikubaliana."

"Tulikubaliana kuvisha. Hatukuzungumzia viraka."

"Basi tuzungumze sasa."

"Zungumza, nakusikiliza. Ila kiraka nitaweka mimi. Na mbao zako zile ndefu usizikate, nina wazo la ndege ya mita mbili."

"Mita mbili! Itapita mlango gani?"

"Tutatoa mlango."

"Nyinyi wawili," mwalimu wa udereva akasema bila kuondoa macho barabarani, "mkiendelea kumsumbua dereva, mtateremka."

Wakanyamaza, kwa mwendo wa kutoka taa moja ya barabarani hadi ya pili. Kisha bwana akainama mbele, karibu na sikio la mama mkwe, na kumuuliza kwa sauti ya chini hiyo ya mita mbili alifikiria kuivisha rangi gani.